Kuzunguka baa za Lubumbashi: na kiongozi ao sisi wenyewe?



Komite imetupatia swali moja kwa ajili ya mkutano wetu wa mwezi wa kumi na mbili kule Lubumbashi: ile Ijumaa ya mangaribi, tulipe kiongozi atutembeze kwenye baa za mji na za sité, ao kila mtu apewe karatasi yenye majina ya baa na ajitembeze mwenyewe? Nimesoma majibu yenu yote. Wengi mumecheka. Mmoja ameandika: "Kulipa mutu akuonyeshe baa ni sawa kulipa mutu akuonyeshe mulango ya nyumba yako." Tumecheka wote, hata mimi. Lakini kura iko karibu, na naona tunataka kupiga kura juu ya mzaha.

Mwezi wa nane uliopita nilifanya zote mbili. Ijumaa tulikwenda na kiongozi, watu kumi na mmoja. Jumamosi tulikwenda watu watano, bila kiongozi, na karatasi ya yaya mmoja aliyesoma Lubumbashi miaka ya 1970. Wale waliokuwa nasi wanajua. Sasa nataka kuzihukumu hizi safari mbili sawa vile mtu anavyohukumu mchezo wa teatre: nani alisema nini, nani alinyamaza, nani alilipa, na tulirudi nyumbani na kitu gani.

Kwanza nieleze kwa nini swali lenyewe linanisumbua. Sisi wa Mulongo hatujui mambo ya mgeni kujitembeza peke yake. Mashua ikifika kutoka Bukama ao Malemba, mgeni akishuka pale kando ya Lualaba na mzigo wake, haifiki dakika kumi mtu ameisha kumuuliza: wewe ni wa nani? Kisha anashikwa mkono. Anapelekwa kwa mkubwa, anasalimia, anapewa kiti, anapewa maji, na kama si mtu wa misioni anapewa pia kitu kingine. Yule anayemtembeza hapati hata franka. Anapata heshima, na anapata habari, maana mgeni naye lazima aseme mambo ya kule anakotoka. Kwa hiyo mimi sicheki mtu anayesema anahitaji kiongozi. Kwetu asiye na kiongozi ni mwizi ao ni kichaa. Kinachonishangaza ni kulipa, na saa.

Tena kuna jambo la zamani zaidi. Tulilisikia sote kwa wakubwa, kila nyumba kwa namna yake: Nkongolo Mwamba alikula na kunywa mbele ya watu, mdomo wazi, akicheka. Akaja Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, na yeye akakataa kula ao kunywa mpaka atengenezewe mahali pa kujificha. Kwa Baluba, heshima ya ufalme inaanzia pale, kwenye swali la nani anamwona mtu anapokunywa. Watu wanafikiri ni hadithi ya watoto. Kaeni ndani ya baa na watu kumi wanaokutazama na telefone mkononi, mutaona kama ni ya watoto.

Sasa Ijumaa.

Kiongozi wetu alikuwa kijana aliyemaliza historia. Sitasema jina wala chuo, hata yeye hakuniomba. Kazi ya ualimu alipata, mshahara hakupata, basi akaanza kutembeza wageni. Bei yake ilikuwa dola 15 kwa mtu, bia mbili ndani yake. Tulikutana saa kumi ya jioni Place de la Poste, vumbi la mwezi wa nane bado liko juu, na akaanza kusema pale pale, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa.

Niseme wazi: ile saa ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko kozi nyingi nilizokaa. Alitusimamisha tukitazama upande wa Kamalondo na akatuuliza: kwa nini kutoka hapa mpaka kule kulikuwa na nafasi tupu? Tukanyamaza. Akaeleza kwamba Élisabethville, mji ulioanzishwa 1910, ulikatwa vipande viwili: mji wa Wazungu huku, sité ya weusi kule, na katikati ukanda wa mita mia kadhaa usiokaliwa na mtu, walioita zone neutre. Sababu waliyoitoa ilikuwa mbu na homa. Usiku mweusi hakuwa na ruhusa ya kubaki upande wa Wazungu bila karatasi. "Basi," akasema, "kabla hamujauliza baa iko wapi, muulize kwanza mutu wa sité alikuwa na ruhusa ya kufika wapi, saa ngapi."

Kisha akaingia kwenye chupa yenyewe. Wakoloni walikataza pombe kali kwa Waafrika tangu mkataba wa Bruxelles wa 1890, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukarudilia. Bia ya kiwanda iliruhusiwa, tena kwa saa walizopanga wao. Divai ilikuwa kitu cha Wazungu. Baadaye wakatokea wale walioitwa évolués, na karatasi zao: kadi ya mérite civique tangu 1948, immatriculation tangu 1952. Ilifika miaka ya 1950 mtu mweusi anatazamwa nyumba yake, sahani zake, kitanda cha watoto wake, kwanza ndipo aonekane anastahili mambo kama hayo. Nilikuwa nimesoma habari za kadi hizo shuleni, lakini hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba ndani ya ule mtihani kulikuwa pia na glasi ya divai. Nilipofika hapo nilisema moyoni: dola 15 zimeisha kurudi.

Shida ilianza tulipoingia ndani.

Baa ya kwanza, Kamalondo: dakika ishirini. Ya pili: dakika ishirini. Ya tatu, upande wa komini ya Kenya (Kenya yetu, wenye kuwa ngambo musichanganye na Nairobi): dakika kumi na tano, maana tulikuwa tumechelewa. Bandugu, mutu gani anakunywa chupa kubwa ya Simba kwa dakika ishirini? Povu lenyewe halijashuka. Kiongozi anatazama saa, sisi tunatazama chupa, mama wa baa anatutazama sisi. Tuliacha chupa nusu mezani mara tatu, na mara tatu niliona vijana wa meza ya pili wakitazama zile chupa na macho ya mtu anayeona mali inatupwa. Kule kwetu kuacha kinywaji cha mwenyeji nusu na kusimama ni tusi. Kule Kenya pia ni tusi, ila hawakutuambia kwa sababu tulikuwa "bageni ba ule kijana".

Na sauti. Barabarani sauti yake ilikuwa sauti ya mwalimu, na ilifaa. Ndani ya baa aliibakiza ileile. Alisimama katikati, akapunguzisha muziki (aliomba, ni kweli, na wakakubali), na akaeleza: hapa ni baa ya watu wa kawaida, wanakuja kisha kazi, wanakula michopo, wanaongea mambo ya Mazembe. Wale watu wa kawaida walikuwa pale! Mmoja alishika mchopo wake hewani, hajui kama aule ao angoje kiongozi amalize kumueleza. Nikaona haya. Nikakumbuka mwenzetu wa Bruxelles aliyeandika hapa kwamba kule Matonge ya Ixelles, kwenye chaussée de Wavre, Wazungu wanapitishwa makundi makundi na kiongozi mbele, na yeye siku moja alikuwa anakunywa tu kahawa yake kisha akasikia anaelezwa. Tulimhurumia sana, nakumbuka. Halafu sisi wenyewe tukaenda Kenya kufanya vilevile, na diploma zetu.

Kwenye ile baa ya tatu kiongozi alisema: "Hii ni moja ya baa za zamani za komini, tangu wakati wa Wabelgiji." Mama wa baa alikuwa anapanguza meza. Hakusema kitu. Shikeni hilo, tutarudi.

Nisimwonee. Alifanya jambo moja ambalo wanaume wa kundi hawakuliona hata kidogo, na dada zetu wanne waliliona mara moja: hakuna mtu aliyewasumbua. Waliingia, wakakaa, wakaagiza, wengine bia, wengine Fanta, na hakuna aliyewauliza wanatafuta nani. Kwao dola 15 zilinunua kiti, kuliko historia. Wale walioandika hapa kwamba kujitembeza mwenyewe "njo uhuru" wote ni wanaume. Nilihesabu.

Jumamosi.

Karatasi ya yaya ilikuwa na majina saba, ameandika na mkono, na mishale. Karatasi nzuri sana. Pembeni ameandika: "hapa orkestra ilikuwa inapiga Jumamosi", "hapa usikae karibu na mlango", "hapa uliza kaka wa Kamina, mrefu". Tulicheka njia yote. Tulikuwa wanaume watatu na dada wawili, na tukaanza saa tisa ya mchana.

Katika majina saba tulikuta matatu. Moja limekuwa kanisa la uamsho, viti vilevile vya plastiki, spika zilezile nadhani, ila sasa wanaimba Yesu. Moja ni duka la simenti. Mawili hakuna mtu aliyeyajua hata kwa jina, na tulipouliza kaka wa Kamina, mrefu, mzee mmoja alituuliza kwa upole kama tunajua ni mwaka gani. Tulipotea Katuba karibu saa nzima. Telefone ilikuwa na ramani, lakini ramani inaonyesha baa zilizojiandikisha, na baa za sité nani anaziandika? Nyingi hazina hata kibao. Kuna parasoli ya Simba ao ya Tembo, kreti mbili, jiko la makala, na meza inayojua kusimama kwa miguu mitatu.

Bei nayo. Ijumaa hatukujua bei ya chupa, maana kiongozi alilipa. Jumamosi tulilipa bei ya kweli mahali pamoja na bei ya mgeni mahali pawili. Lafudhi yetu ya Lualaba ilitutangulia mlangoni.

Na saa kumi na mbili na nusu, jua limeshuka, mwanaume mmoja aliyekunywa alikuja kusimama mbele ya dada mmoja wetu na kumuuliza: "Weye, unatafuta nani hapa?" Tulikuwa watatu pale, tulisimama, jambo likaisha bila makelele. Lakini kwa yeye halikuisha. Alikunywa Fanta yake, akasema anaenda nyumbani, na mwenzake akaenda naye. Tukawatafutia taksi. Kwa hiyo ile safari ya kujitembeza "sisi wenyewe", kisha saa moja ya usiku, ilibaki ya wanaume tu. Naandika hivi kwa sababu karatasi ya yaya, pamoja na mishale yake yote, haikuwa na neno moja juu ya hilo. Yaya ni mwanaume pia. Angeliandika nini?

Tulibaki watatu, tumechoka, tuna njaa, na hatukutaka tena kutafuta kitu. Tukarudi mahali tulipopajua: ile baa ya tatu ya Ijumaa. Mama alitutazama akamwambia mtoto wake: "Njo benye balikuya jana." Kisha akatuuliza: "Leo mutamaliza chupa?"

Tulikaa saa tatu. Michopo ilikuja polepole, na pilipili, na vitunguu kwenye karatasi ya saruji. Mama alikuja akakaa kidogo, akasimama, akarudi, sawa mtu mwenye kazi. Kwenye chupa ya pili mwenzangu alimuuliza kama ni kweli baa yake ni ya wakati wa Wabelgiji. Alicheka mpaka akashika meza. "Wabelgiji gani? Bwana yangu alikuwaka Gécamines. Balimupatia makuta ya kutoka, akasema tufungule hapa."

Mutakumbuka ile habari, wengi wenu ni watoto wake. Mwaka 2003 Gécamines, kwa mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia, iliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa départ volontaire. Kuondoka kwa hiari, kwa watu waliokuwa hawajalipwa miezi na miezi! Wengine walinunua baiskeli za kubeba makala, wengine mashine ya kusaga, wengine walirudi vijijini, wengine walizika ndugu. Na wengine walinunua kreti, viti na friji. Bwana wake aliendesha baa miaka michache akafa. Alituonyesha pembeni ya kaunta kofia ya kazi, ile ya plastiki ngumu, imening'inia kwenye msumari. Ijumaa niliiona. Nilifikiri ni ya kupamba.

Hapo njo penye neno langu lote. Kiongozi alijua mambo ya 1919 na ya 1948, na aliyajua vizuri. Hakujua ya 2003 yaliyokuwa yananing'inia mita mbili kutoka kichwa chake, kwa sababu katika safari yake mama hakuwa na nafasi ya kusema. Na sisi wa Jumamosi tulipata ya 2003, lakini tungekaa pale mwaka mzima bila kujua kwamba ile barabara tuliyoivuka ilikuwa mpaka. Mama hakutuambia habari ya zone neutre. Kwa nini atuambie? Yeye anaivuka kila siku akienda sokoni.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema "kujitembeza ni kweli, kiongozi ni biashara". Wala na komite iliyoandika kwamba kiongozi "atahakikisha ubora wa habari". Ile habari ya baa ya Wabelgiji ilikuwa na ubora gani? Ilisemwa vizuri, kwa Kifaransa kizuri, na ilikuwa ya uongo. Sidhani alitaka kutudanganya. Nafikiri alihitaji baa ya zamani mahali pale pa njia, na ile ilikuwa wazi.

Mtu ataniambia: lakini ngambo wanafanya. Ni kweli. Kule Dublin, tangu 1988, kuna matembezi ya baa za waandishi, yanaongozwa na wachezaji wa teatre: wanaingia baa, wanacheza kipande cha mwandishi fulani, watu wanakunywa, wanasonga mbele. Inasifiwa sana, na naamini inastahili. Lakini angalieni inasimama juu ya nini. Yale maneno yako kwenye vitabu. Mchezaji akikosea, mtu yeyote anaweza kwenda dukani kununua kitabu na kumkosoa. Kwetu vitabu vya sité ni vichache, kwa hiyo neno la kiongozi linakuwa kitabu chenyewe. Kesho mmoja wetu atalisema kwenye matanga, kesho kutwa mwanafunzi ataliandika kwenye kazi yake ya mwisho, na yule mama wa Kenya atakuwa na baa ya Wabelgiji milele.

Vichache, si sifuri. Mwaka 1965 mtu aliyeitwa André Yav alikusanya na kupigisha mashine historia ya mji wa Élisabethville, kwa Kiswahili chetu hikihiki cha Lubumbashi, kama ilivyokumbukwa na watu waliofanya kazi ndani ya nyumba za Wazungu: maboyi, wapishi. Inaitwa Vocabulaire, lakini si kamusi. Baadaye Johannes Fabian aliitoa tena na maelezo. Wangapi wetu, wenye lisansi na zaidi, wameifungua? Mimi niliifungua nikiwa na miaka thelathini na tano, na nilisikia haya ileile niliyosikia mbele ya ule mchopo hewani. Watu ambao hawakukaa kwenye amfiteatre hata siku moja waliandika kiongozi cha mji wao. Sisi tunabishana juu ya dola 15.

Na kuna vingine ambavyo kiongozi wa Ijumaa alivipita bila kusema, wakati vilikuwa njiani mwetu. Hakusema neno juu ya picha za ukutani, wakati Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa mji huu, alichora kwa miaka ya 1973 na 1974 historia nzima ya nchi, picha karibu mia moja, na wenzake walijaza nyumba na baa na Mamba Muntu. Hakusema neno juu ya Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na ambaye wimbo wake uliojulikana dunia nzima unaitwa "Masanga". Mutu anatembeza watu ndani ya baa za Katanga bila Bosco! Hilo silisamehe haraka. Hata karatasi ya yaya, pamoja na baa zake zilizokufa, ilikuwa na muziki ndani yake.

Basi napiga kura gani? Komite imetoa visanduku viwili tu. Mimi nimeandika chini yake kwa mkono, na naomba mulifikirie kabla ya Jumapili.

Tumchukue kiongozi, yuleyule ikiwezekana, kwa maana ni ndugu yetu, amesoma, na anastahili kulipwa kwa alichosoma. Tumlipe bei yake kamili bila kumpunguzia. Lakini tumlipe kwa njia: kutoka Place de la Poste mpaka Kamalondo, mchana, watu wote pamoja, wa bia na wa Fanta, na wenye kuogopa kwamba pasta atasikia. Aseme yote anayoyajua, na atuambie pia Bosco. Akifika kwenye mlango wa baa, aache kuwa kiongozi. Aingie akae, anywe, anyamaze kama sisi. Baa iwe moja, si nne. Ikizidi, mbili. Na muziki usipunguzwe.

Dada zetu wachague wao saa na mahali, kwanza, kabla ya sisi. Nilimuuliza yule aliyerudi na taksi. Akasema: "Mutupatie mahali penye mwanamuke njo mwenye baa, na tukae pale wote mpaka tuondoke wote." Sioni la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba "wote" ana maana wanaume pia, wasibaki nyuma kwa ajili ya chupa ya mwisho.

Makuta: katika dola 165 tulizolipa ile Ijumaa, mama wa Kenya aliona bei ya chupa na basi. Tukikaa kwake saa tatu tutakula na kunywa, kwa hiyo ataona zaidi bila sisi kumpa sadaka. Ila aulizwe kabla. Mtu aende wiki moja mbele, amwambie tutakuja watu thelathini, siku fulani, saa fulani, na amuulize kama anataka. Akikataa, tutafute mwingine. Kule kwetu hata mashua haileti watu thelathini bila mkubwa wa bandari kujua.

Na karatasi ya yaya. Nimeiweka kwenye plastiki. Baa nne kati ya saba zimekufa, lakini mimi naomba isitupwe: kila mwenye kukumbuka baa ya promosio yake, Lubumbashi, Likasi ao Kamina, aandike hapa chini mahali ilipokuwa, mwaka, nani alikuwa mwenyewe, muziki gani, na leo pale pana nini. Kwa Kiswahili, hata kikiwa cha sité. Yaya mwenyewe ameisha kuanza. Anasema kaka wa Kamina, mrefu, yuko hai, yuko Luena, na ana namba yake.

Kisanduku kinafungwa Jumapili saa kumi na mbili ya jioni.